Herufi moja tu: majina na vitenzi vya Kiingereza vinavyotuchanganya

Makala yetu ya leo yanahusu jambo ambalo ukilitazama juu juu laonekana dogo mno, nalo ni herufi moja. Lakini herufi hiyo moja imewatahayarisha wengi walioandika barua za kuomba kazi, fomu za serikali na hata mikataba ya biashara. Mimi ninayezungumza nawe ni mmoja wao.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni mjini London, niliandika barua ya kuomba kazi ya ukarani. Niliiandika usiku, kwa mkono, nikainakili mara tatu hata ikawa haina doa. Nilitia kila adabu niliyofundishwa shuleni, na mwisho wake nikaweka sentensi mbili ambazo niliziona ni za kiungwana kabisa: "Please advice me on the date of the interview. I look forward to hear from you." Kisha nikabandika stempu, nikaipeleka posta.

Niliitwa. Nilipoingia katika chumba cha usaili nikaiona barua yangu imelazwa mezani, na juu yake yamechorwa maduara mawili kwa wino mwekundu. La kwanza lilizunguka neno "advice". La pili lilizunguka neno "hear". Bwana yule hakuniuliza lolote kuhusu maduara yale, wala mimi sikuthubutu kumwuliza. Kazi sikuipata. Sisemi kwamba niliikosa kwa sababu ya maduara mawili, lakini niliporudi nyumbani kwa basi jioni ile, si usaili niliokuwa nikiufikiria, bali wino mwekundu.

Nilipofika nilifungua kamusi. Neno "advice" limo, tena limeandikwa kama nilivyoliandika mimi. Basi kosa lilikuwa wapi? Ilinichukua muda kutambua kwamba neno lilikuwa sahihi, ila nimelikalisha kwenye kiti kisicho chake. Nilikuwa nimeweka jina mahali pa kitenzi.

Kiswahili chaonyesha, Kiingereza chaficha

Jina, au nomino kama waitavyo wataalamu, ni neno la kutaja mtu, kitu au hali. Kitenzi ni neno la kutaja tendo. Katika Kiswahili viwili hivi havifanani hata kidogo. Kutokana na "lima" twapata kilimo na mkulima. Kutokana na "soma" twapata somo, msomaji na usomaji. Kitenzi nacho hakitoki nje bila ya vazi lake. Huvaa nafsi na wakati: ninalima, alilima, tutalima. Hata mtoto wa miaka mitano hachanganyi "kilimo" na "analima".

Tunayo pia maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo jina na kitenzi chake vyatofautiana kwa irabu moja au mbili tu. Sikiliza: safari na safiri, ahadi na ahidi, baraka na bariki, thamani na thamini, athari na athiri. Hakuna Mswahili asemaye "kesho nitasafari", wala "Mungu akubaraka". Kwa hivyo tusikubali kuambiwa kwamba sisi hatuna sikio la tofauti ndogo. Tunalo, na tumelitumia tangu utotoni. Shida ni kwamba Kiingereza huiweka alama yake mahali ambapo sisi hatukuzoea kuitafuta. Aghalabu huiweka mwishoni mwa neno, pengine katika mkazo wa sauti, na mara nyingi hakiiweki popote.

Kabla hatujaendelea, nakupa mizani moja ambayo mimi niliigundua nikiwa nimechelewa. Unaposhuku neno la Kiingereza, lifasiri kwanza kwa Kiswahili. Likikubali kuvaa "ku", au "na", "li", "ta" na "me" za wakati, hilo ni kitenzi. Likikubali kufuatwa na "wangu", "wako" au "huu", hilo ni jina. Tuipime barua yangu: "Tafadhali nishauri." Hapo pana tendo, basi Kiingereza chake ni "advise", kwa s. Lau ningalisema, "Nashukuru kwa ushauri wako," hapo pangekuwa na jina, na Kiingereza chake kingekuwa "advice", kwa c. Wengi wetu tumeshaona barua za ofisini zenye kumalizikia kwa maneno "kindly advice". Maana yake, kwa mizani hii, ni "kwa hisani yako ushauri", sentensi isiyo na kitenzi.

Sauti za kooni

Sasa nakuomba, msikilizaji, uweke kidole chako kooni. Tamka s, uivute: sss. Kisha tamka z: zzz. Katika sauti ya pili utahisi koo likitetema. Wataalamu wa lugha huziita sauti zenye mtetemo huo sauti ghuna, na zisizo nao sighuna. S ina mwenzake z, f ina mwenzake v, na th ya "thamani" ina mwenzake dh ya "dhamana".

Katika jozi nyingi za Kiingereza, jina huishia kwa sauti isiyotetema na kitenzi huishia kwa sauti inayotetema. "Advice", yaani ushauri, hutamkwa "advais". "Advise", yaani kushauri, hutamkwa "advaiz". "Device" ni chombo au kifaa. "Devise" ni kubuni. "Belief" ni imani. "Believe" ni kuamini. "Proof" ni ushahidi. "Prove" ni kuthibitisha. "Life" ni maisha. "Live" ni kuishi. "Relief" ni nafuu. "Relieve" ni kutoa nafuu. Yako pia maneno ambayo maandishi yake hayabadiliki, bali sauti hubadilika: "use" likiwa ni matumizi hutamkwa "yuus", na likiwa ni kutumia hutamkwa "yuuz". Na "house" likiwa ni nyumba huishia kwa s, likiwa ni kumpa mtu makazi huishia kwa z.

Mtindo huu una historia. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, vitenzi vilikuwa na viambishi tamati vyenye irabu. Nyumba iliitwa "hus", na kumpa mtu nyumba kuliitwa "husian". Ile s iliyozungukwa na irabu ikalainika ikawa z. Baadaye viambishi vile vikadondoka na kupotea, lakini z ikabaki kama alama ya mguu wa mtu aliyekwisha kupita. Maneno mengine yaliingia kutoka Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, yakaingia katika mkondo huo huo. Neno "advice" lenyewe lilikuwa "avis" katika Kifaransa cha kale. Ile d ilitiwa baadaye na waandishi waliopenda lifanane na Kilatini.

Hapa Kiswahili chetu ni msaada mkubwa. Sisi twajua kwamba saa si zaa, kufaa si kuvaa, na kufua si kuvua. Twajua pia kwamba kuithamini nyumba ni kukadiria bei yake, ilhali kumdhamini mtu ni kujitia rehani kwa ajili yake, na atakayechanganya mawili hayo mahakamani atajuta. Tena tahajia yetu hutenganisha th na dh, jambo ambalo Kiingereza hakifanyi. Mwingereza huandika "th" kwa sauti zote mbili na kukuachia wewe ubahatishe. "Breath", yaani pumzi, ina th ya thamani. "Breathe", yaani kupumua, ina dh ya dhamana, na irabu yake ni ndefu zaidi. Vivyo hivyo "bath" na "bathe".

Mwenye kumwandikia daktari "my mother cannot breath" ataeleweka, alhamdulillahi, kwa kuwa daktari hatasubiri sarufi. Lakini aliyezoea kutamka thamani kama "samani" na dhamana kama "zamana", kama ilivyo kwa wengi wetu wa bara, inafaa ajizoeze sauti hizi kwanza katika Kiswahili. Akizipata huku, na kule atazipata.

C ya cheti, s ya soma

Yapo maneno ambayo sikio haliwezi kuyatofautisha kabisa. "Practice" na "practise" hutamkwa sawa. "Licence" na "license" hutamkwa sawa. Katika tahajia ya Uingereza, lenye c ni jina na lenye s ni kitenzi. "Practice" ni mazoezi. "Practise" ni kufanya mazoezi. "Licence" ni leseni. "License" ni kumpa mtu leseni.

Utakumbukaje? Kiswahili hakiitumii c peke yake. Huiweka pamoja na h, na "ch" hiyo hufungua majina mengi ya vitu: chakula, chombo, chumba, cheti. Leseni nayo ni cheti. Na s je? Soma, sema, simama, sikia: hivyo vyote ni vitenzi. Basi sema moyoni, "c ya cheti, s ya soma", nawe hutapotea. Msikilizaji aliyesoma Kifaransa huko Bujumbura au Lubumbashi awe mwangalifu kidogo, kwani "licence" ya Kifaransa yaweza kumaanisha shahada ya chuo kikuu. Akimwambia askari wa barabarani wa Uingereza kwamba "licence" yake ni ya historia, watashangaana.

Lakini kanuni hii ina mpaka, nao ni bahari ya Atlantiki. Marekani huandika "practice" kwa c, liwe jina au kitenzi, na "license" kwa s, liwe jina au kitenzi. Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, alikuwa miongoni mwa waliotetea tahajia moja kwa jina na kitenzi cha "practice". Kiingereza hakina chombo kama Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, cha kusema lipi ni sanifu kwa wote. Kila upande hushika njia yake. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi tahajia ya Uingereza.

Sasa fikiria mzazi aliyesoma Tabora au Machakos na leo anaishi Minneapolis. Mtoto wake anaandika katika kazi ya shule, "I practice every day." Baba anachukua kalamu, anaikata c na kuandika s, kwa uhakika wa mtu aliyechapwa viboko kwa ajili ya herufi hiyo. Siku ya pili mtoto anarudi na daftari, na mwalimu ameirudisha c. Katika nyumba ya ugenini, ambako watoto huijua lugha ya mtaa kuliko wazazi wao, jambo kama hili si dogo. Baba anaonekana hajui. Ukweli ni kwamba wote wawili wanajua. Baba anajua tahajia ya Uingereza na mwalimu anajua ya Marekani. Laiti kila mzazi angeweza kumwambia mwanawe hivyo, kwa utulivu, badala ya kunyamaza na kuiacha kalamu.

Mkazo unaohama

Katika Kiswahili mkazo hukaa mahali pamoja, katika silabi ya pili kutoka mwisho. Ni maneno machache mno yanayokwenda kinyume. Linalojulikana zaidi ni "barabara". Njia kuu ya magari ni baraBAra. Lakini fundi akimaliza kazi yake vizuri twasema ameifanya baRAbara. Herufi ni zile zile. Mkazo umehama, na maana imehama nao.

Basi ichukue barabara hiyo uizidishe mara mia. Ndivyo kilivyo Kiingereza. "Permit" ukikazia mwanzo ni kibali; ukikazia mwisho ni kuruhusu. "Object" ukikazia mwanzo ni kitu. Ukikazia mwisho ni kupinga. "Produce" ukikazia mwanzo ni mazao ya shamba. Ukikazia mwisho ni kuzalisha. Na "refuse" ukikazia mwanzo ni takataka. Ukikazia mwisho ni kukataa. Jina hupenda mkazo mwanzoni, kitenzi hupenda mkazo mwishoni.

Wachunguzi wa lugha hiyo wanaeleza kwamba kufikia mwaka 1570 ni maneno matatu tu yaliyokuwa na tabia hii, yaani "outlaw", "rebel" na "record". Kufikia mwaka 1934 yalikuwa yamefika kiasi cha 150. Hata hivyo si yote yaliyofuata. "Report", "reply" na "support" hubaki na mkazo wao mwishoni, yawe majina au vitenzi.

Neno "record" lina kisa chake kwetu. Tulilichukua tukalifanya "rekodi", na mkazo tukauweka tunapouweka siku zote: reKOdi. Mwanariadha huvunja reKOdi, na mwimbaji huenda kureKOdi. Jina na kitenzi vikawa na mkazo mmoja, nasi tukapata raha. Lakini tunapolirudisha neno hilo katika Kiingereza, hulirudisha na mkazo wetu, tukasema "world reCORD", na Mwingereza husikia kitenzi. Kukopa si kosa, kwani ndivyo lugha zinavyokua, ila mwenye kulirudisha neno kwao hana budi kulirudisha na mkazo wake.

Athari na kuathiri

Nimeiweka karibu na mwisho jozi ambayo huwasumbua hata Waingereza wenyewe: "affect" na "effect". Waandishi wa magazeti wa London huikosea, na maprofesa huikosea. Kwa hiyo anayeikosea asijidharau.

Sisi tunayo jozi yetu inayolingana nayo kabisa, tena nayo yatofautiana kwa irabu: kuathiri na athari. "Affect" ni kuathiri. "Effect" ni athari. "The new rules will affect my family": kanuni mpya zitaiathiri familia yangu. "The new rules will have an effect on my family": kanuni mpya zitakuwa na athari kwa familia yangu. Ukishaifasiri sentensi, chaguo hujitokeza lenyewe.

Lakini liko tego moja, na hasa nawaelekea wafanyabiashara wetu wa Dubai, Muscat na kwingineko wanaopokea barua za Kiingereza. "Effect" huweza pia kuwa kitenzi, na hapo maana yake si kuathiri, bali ni kutekeleza jambo hata likatimia. Mtu akikuandikia, "We shall effect payment on Thursday," amekuahidi kwamba atakulipa siku ya Alhamisi. Akikuandikia kwamba jambo fulani "will affect payment", hakukuahidi kitu. Amekuonya kwamba malipo yako huenda yakavurugika. Herufi moja imetenga ahadi na onyo. Ukiwa wewe ndiwe mwandishi, na hukuwa na hakika, andika tu "we shall pay". Barua iliyo wazi haimpunguzii mtu heshima yake.

Mpishi na jiko

Mwisho kabisa ni maneno ambayo Kiingereza hakiyatii alama yoyote. "Answer" ni jibu na ni kujibu. "Help" ni msaada na ni kusaidia. "Cook" ni mpishi na ni kupika. Hapo sisi huingiwa na tamaa. Tumeona kwamba "teach" huzaa "teacher" na "play" huzaa "player", kama vile "cheza" huzaa mchezaji. Basi tukapachika "er" kwa "cook", tukapata "cooker". Kwa bahati mbaya "cooker" ni jiko. Kwetu mtu akioa husemwa kwamba amepata jiko, na jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini aliyekwenda kuomba kazi hotelini akasema "I am a cooker" amejitambulisha kama chombo cha gesi. Vivyo hivyo anayewaongoza watalii ni "guide", si "guider".

Na kwa kuwa tumerudi kwenye ushauri, tukumbuke kwamba katika Kiingereza "advice" haihesabiki. Sisi husema mashauri mawili matatu, na msemaji wa Kifaransa husema "informations" kwa wingi, basi tukiingia katika Kiingereza tunaandika "advices" na "informations". Lugha hiyo haiyakubali. Ukitaka kuhesabu, sema "a piece of advice", kama unavyosema kipande cha nguo. "Furniture", "luggage" na "equipment" nayo ni ya ukoo huo.

Duara la pili

Bila shaka, msikilizaji, hukulisahau duara la pili lililozunguka neno "hear". Hilo lilinisumbua kuliko la kwanza, kwa sababu mizani yangu ilisema niko sawa. "Natazamia kusikia kutoka kwako." Pana "ku", na mara nyingi "ku" yetu ndiyo "to" yao: kula ni "to eat", kusikia ni "to hear". Basi kosa liko wapi?

Kosa liko katika wema wa hiyo "ku" yetu, inayofanya kazi mbili. Katika "nataka kusoma", kusoma ni kitenzi. Lakini katika "kusoma kwako kumenifurahisha", kusoma kumegeuka jina, kukafuatwa na "kwako" na kupata upatanisho wake wenyewe. Kiingereza hutumia umbo la "ing" kwa kazi hiyo ya pili. Na katika "look forward to", ile "to" si "ku" ya kitenzi. Ni neno la kuelekeza, kama "kwenye" au "kwa". Kinachokuja baada yake lazima kiwe jina: "I look forward to your reply", au "I look forward to hearing from you". Njia ya kujaribu ni nyepesi: weka jina la kawaida baada ya "to". Likikaa vizuri, kitenzi chako nacho kivae "ing". Ndiyo sababu pia twasema "I am used to working at night", yaani nimezoea kufanya kazi usiku.

Kwa hiyo mizani ya Kiswahili ni nzuri, ila hapa inahitaji jicho la pili. Hata hivyo naipendelea kuliko njia niliyofundishwa shuleni, ya kukariri orodha ndefu za maneno na kuacha Kiswahili mlangoni kama mtu avuavyo viatu. Tuliadhibiwa tukikisema darasani, tukaamini kwamba ndicho kinachotuharibia Kiingereza. Ilinichukua miaka kuona kwamba aliyejua tofauti ya athari na kuathiri alikuwa ameshaijua nusu ya somo kabla ya kuingia darasani.

Nawaomba basi mnaowafundisha watoto Kiingereza, nyumbani au shuleni, msianze na wino mwekundu. Mwulizeni mtoto, "Kwa Kiswahili ungesemaje?" Akijibu, mwonyesheni "ku" yake iko wapi na "wako" yake iko wapi. Na ninyi mnaoandika barua za kuomba kazi usiku huu, zisomeni kwa sauti kabla ya kuzituma, mkiweka kidole kooni pale penye "advise". Mimi barua yangu ile ninayo hadi leo, kwani niliomba nirudishiwe. Maduara yake yamefifia yamekuwa ya waridi.